Vidonge vya omega na selulaiti: Ukweli uko wapi?

Mpanda. Mpunga ukishauzwa Mwamkulu, hela yake ina njia nyingi za kwenda: ada za watoto, mbolea ya msimu ujao, bati za nyumba. Siku hizi imeongezeka njia nyingine, nayo iko mkononi, ndani ya simu. Ni kopo la vidonge vya mafuta vinavyoitwa omega, vinavyotangazwa mitandaoni kuwa vinalainisha ngozi na kufuta vile vishimo-vishimo vya mapajani na makalioni ambavyo wengi sasa wanaviita selulaiti.

Jibu fupi ni hili: hakuna ushahidi wa kuaminika kwamba kumeza mafuta hayo kunaondoa selulaiti.

Lakini mafuta yenyewe si utapeli. Mwili unayahitaji kweli, hauwezi kuyatengeneza, na mama mjamzito au mtoto mchanga anayahitaji kuliko mtu yeyote. Tatizo ni kwamba tangazo linachukua ukweli huo na kuubandika mahali pasipo pake. Na mkazi wa Mwamkulu, kata ya Manispaa ya Mpanda inayojulikana kwa mashamba ya mpunga, yuko kwenye mkoa ambao mafuta hayo yanapatikana bila kopo.

Selulaiti ni nini hasa?

Ni hali ya ngozi kuonekana ina mabonde madogo madogo, kama ganda la chungwa, hasa kwenye mapaja, makalio na wakati mwingine tumboni.

Chini ya ngozi kuna tabaka la mafuta. Tabaka hilo limeshikwa na nyuzi ngumu zinazounganisha ngozi na nyama iliyo chini yake. Kwa wanawake wengi, nyuzi hizo zimesimama wima, kama nguzo. Mafuta yaliyo katikati yanasukuma ngozi kwenda juu, huku nyuzi zikiivuta kwenda chini. Matokeo yake ni vishimo. Kwa wanaume, nyuzi hizo kwa kawaida zimekatizana kama wavu, ndiyo maana mafuta hayachomozi kirahisi.

Kwa maneno mengine, selulaiti si uchafu uliokwama mwilini wala si sumu ya kutolewa. Ni umbo la ndani ya ngozi. Homoni za kike, urithi, umri na uzito vina mchango wake, lakini hata mwanamke mwembamba anaweza kuwa nayo. Makadirio yanayotumiwa sana na madaktari wa ngozi ni kwamba asilimia 80 hadi 90 ya wanawake waliovuka balehe wanayo kwa kiasi fulani.

Kitu kinachowapata wanawake 8 au 9 kati ya 10 ni vigumu kukiita ugonjwa. Hata jina lenyewe lina historia ya kibiashara. Lilianzia Ufaransa, likazagaa Marekani baada ya jarida la mitindo la Vogue kuliandika mwaka 1968. Kabla ya hapo, wanawake wengi huko walikuwa na mapaja hayohayo bila kujua kuwa yana "tatizo".

Isichanganywe na vitu viwili

Cha kwanza ni michirizi. Hiyo ni mistari inayotokea ngozi inapotanuka haraka, kwa mfano wakati wa ujauzito au kunenepa ghafla. Ni kitu tofauti na selulaiti.

Cha pili ni hatari. Kuna maambukizi ya bakteria kwenye ngozi ambayo jina lake la kitaalamu linakaribiana sana na selulaiti: seluliti. Hapo mguu unavimba, unakuwa wa moto, unauma, unabadilika rangi, na mara nyingi homa inafuata. Huyo si mtu wa kutafuta vidonge vya omega. Ni mtu wa kwenda zahanati au hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu maambukizi yakiingia kwenye damu yanaweza kuua.

Mafuta ya lazima ni yapi?

Yapo mawili tu ambayo mwili wa binadamu hauwezi kuyatengeneza kabisa.

La kwanza ni asidi ya linoleiki, ambayo ni kundi la omega-6. La pili ni asidi ya alfa-linoleniki, kundi la omega-3. Kutokana na hiyo ya pili, mwili hutengeneza mafuta mengine mawili ya omega-3 yanayojulikana kwa vifupisho vya EPA na DHA. Lakini huyatengeneza kwa kiasi kidogo sana, ndiyo maana wataalamu wa lishe wanashauri watu wayapate moja kwa moja kutoka kwenye samaki.

Vipi kuhusu omega-9, inayojaa kwenye makopo yaliyoandikwa 3-6-9? Hiyo mwili unaitengeneza wenyewe. Anayelipia zaidi kwa sababu ya ile 9 analipia kitu ambacho tayari anacho.

Ugunduzi wa mafuta haya ulifanyika mwaka 1929. Mtu na mkewe, George na Mildred Burr, waliokuwa watafiti katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, waliwalisha panya chakula kisicho na mafuta kabisa. Panya wakadumaa, ngozi zao zikakauka na kutoa magamba, na mwishowe wakafa. Walipopewa mafuta kidogo yenye asidi ya linoleiki, wakapona. Hadi wakati huo, wengi waliamini mafuta ni nishati tu.

Mwaka 1963, daktari wa watoto Arild Hansen na wenzake walichapisha utafiti wa watoto wachanga zaidi ya 400 waliolishwa maziwa ya aina tofauti. Wale waliopata maziwa yenye asidi ya linoleiki kidogo mno walipata ngozi kavu yenye magamba. Ilipoongezwa kwenye maziwa yao, ngozi ikarudi sawa.

Kumbe ndipo tangazo linapotokea

Hapo ndipo hadithi ya "omega kwa ngozi nzuri" ilipopata miguu. Na sehemu yake ni kweli. Asidi ya linoleiki hutumika kujenga ukuta wa juu wa ngozi, ule unaozuia maji ya mwili yasitoke hovyo. Mtu aliyepungukiwa nayo sana atakauka ngozi, na akiipata ataona nafuu.

Ila ukuta huo uko juu kabisa, kwenye tabaka jembamba kuliko karatasi. Selulaiti iko chini, kwenye nyuzi na mafuta yaliyo chini ya ngozi. Ni sawa na kupaka ukuta wa nyumba rangi mpya ukitegemea nguzo za ndani zilizopinda zitanyooka.

Kuna jambo la pili. Mafuta yakimezwa hayapewi maelekezo ya kwenda pajani. Utumbo unayavunja, yanaingia kwenye damu, yanasambazwa mwili mzima. Mengine yanajenga kuta za seli, mengine yanachomwa kuwa nguvu, na yakizidi yanahifadhiwa kuwa mafuta ya mwili kama mafuta mengine yoyote. Gramu 1 ya mafuta, yawe ya samaki au ya alizeti, ina kalori 9. Anayemimina vijiko vya mafuta juu ya chakula chake cha kawaida akitafuta kupunguza mapaja anaweza kuyaongeza.

Biashara hii ilishafika mahakamani

Mwaka 1999 kampuni ya Rexall Sundown ya Florida, Marekani, ilianza kuuza huko vidonge vilivyotokea Italia vinavyoitwa Cellasene. Ndani yake kulikuwa na mafuta ya samaki, mafuta ya mbegu za ua la primrose, mafuta ya soya, pamoja na dondoo za mimea na mwani. Kwa lugha nyepesi, mafuta ya lazima na mitishamba juu yake. Ahadi ilikuwa kuondoa selulaiti kutokea ndani. Watu walinunua kwa wingi.

Julai 2000, Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani, FTC, iliishitaki kampuni hiyo ikisema madai yake hayakuwa na ushahidi wa kisayansi wa kuyabeba. Machi 2003 zikafikiwa suluhu za kumaliza kesi, na hadi dola milioni 12 zikatengwa kwa ajili ya kurudishia wateja fedha zao.

Zaidi ya miaka 20 imepita. Majina ya makopo yamebadilika, mafuta yaliyomo ni yaleyale na ahadi ni ileile. Tofauti ni kwamba sasa tangazo linafika popote penye mtandao, muuzaji anapokea malipo kwa simu, na mteja wa Mwamkulu akitaka kurudishiwa hela yake hana tume ya Marekani ya kumpigania.

Chungu cha Katavi kina nini?

Kwa upande wa omega-6, karibu kila nyumba inayopikia mafuta ya alizeti ya kawaida imeshafika. Zaidi ya nusu ya mafuta hayo ni asidi ya linoleiki. Kiwango kinachopendekezwa na wataalamu wa Marekani kwa mwanamke mtu mzima ni gramu 12 kwa siku. Kijiko kimoja cha chakula cha alizeti kinakaribia gramu 8 au 9. Ongeza karanga kwenye mboga au ufuta kidogo, na hesabu imekamilika.

Mawese nayo ni mafuta, lakini asidi ya linoleiki ndani yake ni takribani asilimia 10 tu. Anayepikia mawese peke yake afanye urafiki na karanga, ufuta, mbegu za maboga na mahindi.

Omega-3 ndiyo inayosumbua zaidi. Karanga karibu hazina. Alizeti karibu haina. Kwa mimea, soya inayo kiasi, na majani mabichi kama matembele na mchicha yanayo kidogo kidogo. Mwanamke anahitaji gramu 1.1 za omega-3 ya mimea kwa siku, na mjamzito gramu 1.4.

Hapa ndipo Ziwa Tanganyika linapoingia. Mkoa wa Katavi una mwambao wake huko, kwenye vijiji vya uvuvi kama Karema na Ikola, na dagaa na migebuka wa ziwa hilo ni kitoweo cha kawaida cha mkoa. Samaki hao wana EPA na DHA zilizokwisha kutengenezwa. Na dagaa ana faida ya ziada: analiwa mzima, kichwa na mifupa, kwa hiyo mlaji anapata protini, kalsiamu na madini ya chuma kwenye tonge hilohilo.

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, kupitia jopo la wataalamu lililokutana mwaka 2008, lilipendekeza mtu mzima apate angalau miligramu 250 za EPA na DHA kwa siku. Kwa mjamzito na anayenyonyesha ni miligramu 300, ambapo 200 ziwe DHA. Si lazima zipatikane kila siku kwa mzani. Ushauri unaotolewa sana ni kula samaki mara 2 kwa wiki.

Kuna mambo machache ya jikoni. Omega-3 huharibika kwa joto kali, mwanga na hewa. Dagaa waliokaa muda mrefu juani au ghalani hadi wakatoa harufu ya uvundo wa mafuta wamepoteza sehemu yake. Kuwachemsha na nyanya na vitunguu kunaihifadhi vizuri kuliko kuwakaanga hadi wakauke kama majani makavu. Na mafuta ya kukaangia yasirudiwe mara nyingi.

Ni kweli pia kwamba samaki si wa uhakika mwaka mzima. Mwaka 2024 nchi zinazomiliki Ziwa Tanganyika, yaani Tanzania, Burundi, DRC na Zambia, zilisimamisha uvuvi kwa miezi 3, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wazaliane. Kipindi kama hicho, soya na mboga za majani ndizo za kuegemea, pamoja na dagaa wakavu waliotunzwa vizuri mahali pakavu penye kivuli.

Nani anazihitaji kuliko wote?

Si mwenye vishimo pajani. Ni mjamzito, anayenyonyesha na mtoto mdogo.

DHA ni moja ya malighafi kuu za ubongo na macho ya mtoto. Mtoto aliye tumboni huichukua kwa mama, na akizaliwa huipata kwenye maziwa ya mama. Mama anayekula ugali na mboga bila samaki kwa miezi hana kingi cha kumpa.

Hapo ndipo hela ya kopo inapouma. Katika nyumba nyingi kipato ni kimoja, na kilichoenda kwenye vidonge vya kupendezesha mapaja kimetoka kwenye kitoweo cha watu wote. Fungu la dagaa linagawanywa kwa baba, mama na watoto. Kopo la omega humezwa na mmoja. Mtoto aliyeanza chakula cha nyongeza anaweza kupata dagaa waliosafishwa na kusagwa, wakachanganywa kwenye mboga au chakula chake laini.

Mjamzito pia asibadilishe vidonge vya kuongeza damu anavyopewa kliniki kwa vidonge vya omega. Ni vitu viwili tofauti, na kimoja hakifanyi kazi ya kingine.

Kwa anayetaka kununua hata hivyo

Wapo wenye sababu nzuri, kwa mfano asiyekula samaki kabisa au aliyeshauriwa na daktari. Mambo haya yatamsaidia:

Kwanza, asome nyuma ya kopo. Mbele huandikwa 1000 kwa maandishi makubwa. Hayo ni miligramu za mafuta ya samaki, siyo za omega-3. Vidonge vingi vya aina hiyo vina EPA takribani 180 na DHA 120, jumla 300. Wanaolinganisha bei walinganishe jumla hiyo.

Pili, anuse. Vidonge vyenye harufu kali ya samaki aliyeoza vimeshaharibika, hata kama tarehe bado.

Tatu, mjamzito aepuke mafuta ya maini ya samaki. Yana vitamini A nyingi, na ikizidi inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Hayo ni tofauti na mafuta ya samaki ya kawaida, ingawa makopo yanafanana.

Nne, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarin, amuulize daktari kwanza. Mafuta ya samaki kwa wingi yanaweza kuongeza hatari ya kutokwa damu. Dozi kubwa pia zimehusishwa na mapigo ya moyo kwenda ovyo kwa baadhi ya watu.

Tano, ajue anunue wapi. Tangu 2019, usimamizi wa vyakula na vipodozi nchini uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, na dawa zimebaki kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Duka la dawa lenye kibali lina mtu wa kuulizwa na mahali pa kurudi. Akaunti ya mtandaoni isiyo na anwani haina. Na hata bidhaa ikiwa imesajiliwa, hiyo haimaanishi kuna mtu aliyethibitisha kwamba inafuta selulaiti.

Je, kuna kinachosaidia selulaiti?

Kinachosaidia kipo, ila hakuna cha miujiza.

Kupunguza uzito kwa mtu aliyezidi kunaweza kupunguza mwonekano wake, ingawa kwa wengine ngozi ikilegea vishimo vinaonekana zaidi. Mazoezi yanayojenga misuli ya mapaja na makalio husaidia ngozi ionekane imekaza. Mwanamke anayepandikiza mpunga, kuvuna na kubeba maji tayari ana sehemu kubwa ya mazoezi hayo. Akiona vishimo bado vipo, asijilaumu kuwa ni mvivu. Ni zile nyuzi.

Hata matibabu ya gharama kubwa yana mipaka. Julai 2020, Marekani iliidhinisha sindano iitwayo Qwo, inayoyeyusha nyuzi hizo kwenye makalio. Desemba 2022, kampuni iliyoitengeneza ilitangaza kuacha kuiuza, kwa sababu ya michubuko mingi na wasiwasi wa ngozi kubaki na madoa ya muda mrefu. Kama sindano inayogusa nyuzi zenyewe imefika hapo, kidonge cha mafuta kinachopita tumboni kina safari ndefu zaidi.

Kwa afya ya mtu, selulaiti haina madhara. Haileti kansa, haizuii uzazi, haihitaji tiba. Anayetamani kuipunguza ana haki hiyo, na ana haki pia ya kuambiwa ukweli kabla hajatuma hela.

Omega-3 zina kazi kubwa mwilini: moyo, ubongo, macho, ujauzito. Kufuta vishimo vya mapajani hakumo kwenye orodha hiyo. Mwenye hela ya kopo moja, kabla hajabonyeza kutuma, apige hesabu: hela hiyo ni mafungu mangapi ya dagaa sokoni Mpanda, na yangeliwa na watu wangapi nyumbani kwake?